Kaka hukakamaa, mpwa hulegea: je, huu ni ugonjwa mmoja wa misuli au ni miwili?

Mjomba wa Kijana

Wanajukwaa, naleta jambo ambalo limeisumbua familia yetu kwa muda mrefu, na nitajitahidi kulieleza hatua kwa hatua ili mwenye ujuzi asilazimike kunihoji mara mbili.

Kaka yangu, mwenye umri wa miaka 41, tangu utotoni hushindwa kuachia kitu alichokishika wakati wa baridi. Akimpa mtu mkono asubuhi, vidole hubaki vimefumba, naye hulazimika kuvikunjua kimoja kimoja kwa mkono wa pili. Akinawa uso kwa maji ya baridi, kope hugoma kufunguka kwa muda. Shuleni aliwahi kuadhibiwa kwa madai kwamba anaigiza, kwa sababu alikuwa na mwili uliojengeka kuliko wenzake wote, na walimu hawakuelewa mwenye misuli kama ile anashindwaje kuachia kalamu. Marehemu baba yetu alikuwa na hali inayofanana na hiyo, lakini wazee waliiita baridi yabisi na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa kuna mpwa wangu, mtoto wa dada yetu, mwenye miaka 9. Tatizo lake naliona kama kinyume kabisa cha lile la kaka, kwa kuwa yeye hakakamai bali hulegea. Akicheza sana kisha akaketi kupumzika, baada ya muda mfupi miguu humwishia nguvu, mara nyingine na mikono, akabaki amelala bila kujiweza, ingawa anatusikia, anaongea na anapumua vizuri. Hali hiyo humkaa kwa dakika 40, au saa moja, au mbili, kisha huondoka yenyewe kana kwamba hapakuwa na lolote. Humpata pia asubuhi akichelewa kula.

Miezi miwili iliyopita nilisoma mahali kwamba kupooza kwa vipindi hutokana na upungufu wa potasiamu, tukanunua vidonge vya potasiamu na kumpa mtoto kimoja alipoanza kulegea. Siku hiyo alilala bila nguvu muda mrefu kuliko siku yoyote tuliyowahi kuishuhudia, na akawa anasema ulimi wake ni mzito. Hatujarudia tena, lakini nimebaki na hofu na, niseme ukweli, na hatia.

Naomba kujua mambo matatu. Je, kaka na mpwa wana ugonjwa mmoja au kila mmoja ana wake? Dada yangu mwenyewe hana tatizo lolote, sasa ugonjwa ulimrukaje ukampata mwanawe? Na tukienda hospitali tena, tuombe nini, maana mara mbili zilizopita mtoto alifika akiwa ameshapona njiani na tukaambiwa ni mzima?

Tabibu Mstaafu

Ndugu Mjomba wa Kijana, pole, na hatia hiyo iweke kando, kwa sababu kosa mlilofanya hata baadhi yetu wenye vyeti ukutani tumewahi kulifanya. Nilihudumu katika kliniki ya magonjwa ya neva na misuli hadi nilipostaafu. Siwezi kumtambua mgonjwa nisiyemwona, ila masimulizi yako yamebeba dalili ambazo kwa kawaida humchukua daktari ziara kadhaa kuzipata, na nitakueleza ninavyoyasoma.

Kwanza kabisa, mtoto asipewe tena potasiamu, iwe ya vidonge, ya unga au ya chumvi mbadala, mpaka damu yake ipimwe akiwa ndani ya tukio. Kuna kupooza kwa vipindi kunakoambatana na potasiamu kushuka katika damu, na kuna kule kunakoambatana na potasiamu kupanda. Ukiwatazama wagonjwa wawili wa aina hizo wamelala kitandani, huwezi kuwatofautisha kwa macho, lakini dawa inayomwinua mmoja ndiyo inayomlaza mwingine, na ikizidi huuvuruga moyo.

Kuhusu swali lako la ugonjwa mmoja au miwili, inabidi tuanze na jinsi msuli unavyofanya kazi. Msuli huendeshwa na umeme mdogo unaopita juu ya utando wa seli zake, na umeme huo hutokana na chembe za sodiamu, potasiamu, kalsiamu na kloraidi zinazoingia na kutoka kupitia vilango maalumu. Kila kilango ni protini, na kila protini hufuata maelekezo ya jeni yake. Jeni ikiwa na kasoro, kilango huchelewa kufunga, au hugoma kufunguka, au huvuja pale pasipotakiwa.

Kilango cha sodiamu cha misuli, ambacho jeni yake huitwa SCN4A na iko katika kromosomu ya 17, kazi yake ni kuuwasha msuli: hufunguka kwa kitambo kidogo mno, sodiamu ikaingia, kisha hujifunga. Kasoro ikikifanya kichelewe kujifunga, sodiamu huendelea kupenya. Upenyaji huo ukiwa mdogo, msuli husisimka tena na tena bila kuamriwa, nao hukakamaa. Ukizidi, utando hupoteza chaji yake kiasi kwamba vilango vyote, vizima na vibovu, hubaki vimejifungia, na hapo msuli hauitiki hata ubongo ukiuamuru mara mia. Kwa hiyo kukakamaa na kulegea, ambavyo wewe umeviona kama kinyume, vinaweza kuwa hatua mbili za hitilafu ile ile, na ndiyo maana katika ukoo mmoja wenye kasoro ya SCN4A mtu mmoja aweza kukakamaa tu, mwingine akalegea tu, na wa tatu akapata vyote viwili.

Kukakamaa kwa namna ya kaka yako, pale msuli unapokawia kulegea baada ya kukazwa, huitwa mayotonia. Lakini mayotonia nazo haziko sawa. Iliyo mashuhuri zaidi ni mayotonia ya kuzaliwa nayo, ambayo hutokana na kilango cha kloraidi, jeni yake ikiwa CLCN1 katika kromosomu ya 7. Kloraidi ndiyo mtulizaji mkuu wa msuli. Katika msuli uliopumzika hubeba takriban asilimia 70 hadi 80 ya upitishaji wote wa umeme katika utando, na ikikosekana, kila amri ya ubongo huacha mwangwi nyuma yake. Mgonjwa wa aina hiyo hukakamaa anapoanza, kisha hulainika kadiri anavyorudiarudia kitendo: ngazi ya kwanza ni mateso, ya kumi anapanda kama watu wengine. Paramayotonia, ambayo Eulenburg aliieleza mwaka 1886 na ambayo hutokana na SCN4A, huenda kinyume na hapo: kadiri unavyorudia ndivyo msuli unavyozidi kukaza, baridi huuchochea vibaya, na uso, kope, ulimi na mikono ndivyo huathirika mno. Baada ya baridi kali msuli unaweza hata kudhoofika kwa saa kadhaa.

Ndiyo sababu nina maswali mawili kwako. Kaka akifumba na kufumbua macho kwa nguvu mara kumi mfululizo, kope huzidi kulainika au huzidi kukaza? Na dada yako, ambaye unasema hana tatizo, je, umewahi kumuuliza ulimi wake unakuwaje anapokula kitu chenye barafu? Sikuulizi kwa mzaha. Kasoro ya SCN4A kwa kawaida haihitaji kurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Mzazi mmoja mwenye nayo anatosha, na kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuipata. Haina desturi ya kuruka kizazi. Anayeonekana amerukwa mara nyingi ni mtu ambaye dalili zake ni ndogo hivi kwamba ameziona kuwa ndiyo maumbile yake. Ingekuwa aina ile ya mayotonia ya kloraidi iliyopewa jina la Becker, hapo ningekubali kwamba wazazi wote wawili wanaweza kuwa wazima kabisa, kwa kuwa mtoto sharti apokee jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama.

Kuhusu adhabu aliyoipata kaka yako shuleni, mwambie kwamba hakuwa wa kwanza. Daktari Julius Thomsen, aliyeandika kuhusu mayotonia mwaka 1876, alikuwa akiueleza ugonjwa wake mwenyewe na wa ukoo wake, na miongoni mwa yaliyomsukuma kuandika ni kwamba mwanawe alishukiwa kujifanya mgonjwa ili akwepe utumishi wa jeshi. Mwili uliojengeka hutokana na misuli kufanya kazi bila kukoma, na kwa bahati mbaya ndio unaowafanya watu wasimwamini mgonjwa.

Alfajiri

Nimesoma maelezo ya Tabibu kwa makini, nami naomba kuongeza upande wa pili, kwa kuwa mimi potasiamu ndiyo iliyonirudishia maisha.

Nilianza kupooza nikiwa na miaka 14. Kwangu tukio halikuchukua saa moja wala mbili. Nilikuwa nikilala nikiwa mzima, nikaamka alfajiri nikiwa siwezi hata kujigeuza, na hali hiyo ikaendelea mpaka jioni, mara nyingine mpaka siku ya pili. Nilichokuja kugundua baada ya miaka ni kwamba kila mara ilitanguliwa ama na mlo mkubwa wa wanga na vitu vitamu usiku, ama na mazoezi mazito siku iliyopita. Nilipopimwa damu nikiwa katikati ya tukio, potasiamu ilikuwa 2.1, wakati kiwango cha kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0. Hatimaye vipimo vya vinasaba vilionyesha kasoro katika CACNA1S, jeni ya kilango cha kalsiamu, ambayo niliambiwa ndiyo inayopatikana kwa wengi wenye aina hii ya kupooza kwa upungufu.

Jambo lililonichanganya kwa muda mrefu ni hili: nilidhani mwili wangu unapoteza potasiamu, kumbe haipotei. Insulini inayotolewa baada ya mlo wa wanga huisukuma potasiamu kutoka kwenye damu na kuiingiza ndani ya seli za misuli, na mtu mwenye misuli ya kawaida hata hajui. Kwa sisi wenye kasoro, kilango huvuja mahali pasipo pake, na potasiamu ya damu ikishuka, chaji ya utando inaanguka badala ya kuimarika, nao msuli unazima. Kwa sababu potasiamu imejificha tu, tukio likiisha hurudi yote kwenye damu; kwa hiyo aliyebugia vidonge kwa pupa anaweza kujikuta na wingi mahali palipokuwa na upungufu. Mimi hunywa kiasi nilichoandikiwa, nasubiri, na nisipoona mabadiliko naenda hospitali badala ya kuongeza kwa kukisia.

Kuna tukio moja sitalisahau. Nilifikishwa kwenye kituo kimoja cha afya nikiwa nimepooza, wakaniwekea dripu ya potasiamu iliyochanganywa na maji ya glukosi. Nia ilikuwa njema, lakini glukosi iliamsha insulini, insulini ikaifukuza hata ile potasiamu kidogo iliyobaki, na nikazidi kuzama. Tangu siku hiyo natembea na karatasi iliyosainiwa na daktari wangu, yenye jina la ugonjwa, jeni, na sentensi moja iliyopigiwa mstari: potasiamu ya kunywa kwanza, na ikilazimu ya mshipa isichanganywe na glukosi, na moyo ufuatiliwe kwa kipimo cha umeme.

Kwa hiyo, ndugu Mjomba, usiichukie potasiamu. Lakini nikilinganisha na yangu, tukio la mpwa wako ni fupi mno, limeanza mapema mno, na humjia akiwa na njaa, ilhali langu hunijia nikiwa nimeshiba. Nadhani hatuko njia moja.

Mjomba wa Kijana

Nawashukuru nyote wawili. Leo jioni nimemketisha kaka na kumtaka afumbe macho kwa nguvu mara kumi kama Tabibu alivyoelekeza. Mara mbili za kwanza alifumbua bila shida, mara ya tano kope zilikawia, na ya nane alibaki amefumba akitikisa kichwa huku watoto wakicheka. Kwa hiyo huzidi kukaza.

Dada naye nimempigia simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ndiyo, kitu cha barafu humfanya ulimi uwe kama kipande cha mbao na maneno yasitoke, na kwamba miaka yote hii alidhani kila mtu huwa hivyo. Nilikosa la kusema. Ameongeza kwamba mtoto alipokuwa mchanga, akioshwa uso kwa maji yasiyo na joto, macho yalibaki yamefumba hata baada ya kulia kwisha.

Sasa naomba msaada kuhusu hospitali. Tunaishi mbali kidogo, na tukifika mtoto huwa ameshasimama. Tutapataje ushahidi?

Tabibu Mstaafu

Majibu yako yanaelekeza kwenye SCN4A kwa nguvu zaidi kuliko nilivyotarajia: paramayotonia kwa kaka na dada, na kwa mtoto ile aina ya kupooza kunakoambatana na potasiamu kupanda, ambayo Gamstorp aliielezea mwaka 1956. Lakini mwelekeo hauwi utambuzi mpaka vipimo viseme.

Msihangaike sana kumkamata mtoto akiwa amelala. Pigeni video ya tukio tangu linapoanza, mkionyesha anavyojaribu kuinua mkono na mguu, na andikeni saa lilipoanza, saa lilipokwisha, alichokula mara ya mwisho na lini, alichofanya saa mbili zilizotangulia, na kama kulikuwa na baridi. Daktari makini atathamini daftari hilo kuliko barua tatu za rufaa. Ombeni kituo cha afya kilicho karibu kabisa, hata kiwe kidogo, kikubali kumtoa mtoto damu mara tukio litakapotokea, na aitoe mtu mwenye mkono mwepesi: kamba ikikazwa mno, au mtoto akitakiwa kukunja ngumi mara nyingi, au chembe za damu zikipasuka ndani ya sindano, potasiamu itaonekana imepanda hata kama haijapanda. Katika ugonjwa huu tunatazama kiwango kinachozidi 5, au ongezeko la angalau 1.5 juu ya kiwango chake cha siku za kawaida, kwa hiyo apimwe pia siku akiwa mzima ili kuwe na cha kulinganisha. Jueni pia kwamba wapo wagonjwa ambao potasiamu yao haiondoki katika kiwango cha kawaida hata wakiwa wamelala hoi, na matokeo ya namna hiyo hayaufuti ugonjwa.

Kipimo cha umeme wa misuli hakisubiri tukio. Kwa kaka yako, sindano nyembamba ikiingizwa katika msuli, mashine hutoa mlio unaopanda na kushuka kama pikipiki inayopigwa moto kwa mbali, na aliyewahi kuusikia hausahau. Kwa mtoto kuna jaribio lisilo na sindano ndani ya msuli: hukaza kidole kwa dakika kadhaa, kisha ukubwa wa itikio la msuli hupimwa kila baada ya muda kwa dakika 40 au zaidi, na ukishuka kwa asilimia 40 au zaidi kutoka kilele chake, tunajua kwamba msuli huo huzima baada ya mazoezi. Mwisho ni kipimo cha vinasaba, na ninyi mna faida: kasoro ikipatikana kwa kaka, ambaye dalili zake ziko wazi, kwa mtoto na dada itatafutwa ile ile tu.

Wakati mnasubiri, mtoto asikae na njaa, ale kidogo kidogo na mara kwa mara, asiingie kwenye baridi bila nguo za kutosha, na baada ya mchezo asiketi ghafla bali atembee polepole mpaka mwili upoe wenyewe. Anapohisi miguu inaanza kuwa mizito, kutembea taratibu na kupata kitu chenye sukari au wanga huweza kulizuia tukio, kwa sababu insulini ile ile inayomlaza ndugu Alfajiri ndiyo itakayoiondoa potasiamu kwenye damu ya mtoto. Hapo ndipo mnapoona kwa nini ushauri wa mgonjwa mmoja hauwezi kuazimwa na mwingine. Dawa za kuzuia zipo, kama asetazolamidi, na kwa aina ya mtoto hata dawa za kuongeza mkojo za jamii ya thiazidi, lakini hizo ataziandika atakayekuwa na majibu mkononi. Asetazolamidi huleta ganzi za vidole na huweza kusababisha mawe kwenye figo, na wapo wachache, hasa miongoni mwa wenye aina ya upungufu inayotokana na SCN4A, ambao huwazidishia.

Nimekumbuka jambo ambalo huwafurahisha watoto wa namna hii. Kasoro ya jeni hiyo hiyo ipo kwa farasi wa Marekani wa jamii ya Quarter Horse, na asili yake ilifuatiliwa hadi kwa dume mmoja aliyezaliwa mwaka 1969, aliyeitwa Impressive, ambaye alishinda mashindano kwa uzuri wa misuli yake na kuzalishwa kupita kiasi. Wajukuu wake walikuwa wakitetemeka na kuanguka, na wafugaji wakawa hawaelewi.

Mlinzi wa Usingizi

Nafanya kazi ya kutoa dawa za nusukaputi, na sijaona aliyeligusa eneo langu, ingawa ndipo magonjwa haya yanapoweza kuleta hatari ya ghafla kwa mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa ya kawaida.

Kaka, dada na mtoto, wote watatu, wanapaswa kumwambia daktari yeyote anayetaka kuwafanyia upasuaji, hata wa jino, kwamba kuna mayotonia katika ukoo wao. Dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksametoni kwao hufanya kinyume na inavyotarajiwa: taya hukaza hivi kwamba kinywa hakifunguki, kifua kinaweza kuwa kigumu kiasi cha kushindwa kupitishiwa hewa, na potasiamu hupanda. Zipo dawa mbadala, na mtoa usingizi aliyearifiwa mapema hana sababu ya kuhangaika. Joto la chumba na la maji ya dripu nalo si jambo dogo kwa mtu mwenye paramayotonia, kwa kuwa kutetemeka kwa baridi baada ya upasuaji kunaweza kuanzisha kukakamaa kwa mwili mzima. Na kule kufunga kula kabla ya upasuaji kunakomfaa ndugu Alfajiri hakumfai mtoto: yeye afanyiwe upasuaji mapema asubuhi ili asikae na njaa, na awekewe dripu ya glukosi isiyo na potasiamu, ambayo kwa Alfajiri ingekuwa sumu.

Niongeze kuhusu moyo. Kila mwenye kupooza kwa vipindi, hata kama hajawahi kuhisi lolote kifuani, apimwe umeme wa moyo siku akiwa mzima. Upo ugonjwa wa Andersen na Tawil, unaotokana na jeni ya KCNJ2 ya kilango cha potasiamu, ambao huunganisha kupooza kwa vipindi na mapigo ya moyo yaliyovurugika, na mara nyingi mgonjwa huwa na taya dogo na kidole cha mwisho cha mkono kilichopinda kwa ndani. Sioni dalili zake katika masimulizi haya, lakini kipimo ni cha dakika chache na hakiumi. Kwa kaka kina faida nyingine: dawa inayofanya kazi vizuri zaidi dhidi ya mayotonia ni meksiletini, ambayo asili yake ni dawa ya moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba hupunguza kukakamaa kwa kiasi ambacho wagonjwa wenyewe walikihisi, na Ulaya iliiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 2018. Hata hivyo haipewi mtu ambaye umeme wa moyo wake haujatazamwa.

Alfajiri

Kwa wanaosoma uzi huu na ambao hawana historia yoyote katika ukoo, hasa wanaume walioanza kupooza wakiwa watu wazima, naomba tezi ya shingo ipimwe kabla ya kufikiria jeni. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi huleta kupooza kunakofanana na kwangu kwa kila hali, pamoja na potasiamu kushuka, na tezi ikitibiwa kupooza nako hukoma. Nililala wodi moja na kijana wa namna hiyo. Alitoka akiwa amepona kabisa, nami nikamwonea wivu.

Mjomba wa Kijana

Nimeyaandika yote kwenye daftari. Video ya kwanza tumeshaipata, kwa kuwa tukio lilimpata jana saa kumi alasiri, dakika kumi baada ya kutoka uwanjani. Dada alimpa kinywaji chenye sukari na kumtembeza uani, na safari hii hakulala. Miguu ilimlegea kwa takriban robo saa, akawa anaegemea ukuta. Swali langu la mwisho ni kama tumzuie kucheza mpira, maana mwalimu ameshaanza kusema hataki dhamana hiyo.

Tabibu Mstaafu

Msimzuie. Kinachomlaza si mpira, ni kuketi ghafla baada ya mpira. Mwandikieni mwalimu ukurasa mmoja mkimweleza kwamba mtoto ale kabla ya mchezo, kwamba kipenga cha mwisho kikilia azunguke uwanja polepole kwa dakika kumi au kumi na tano badala ya kukaa kwenye benchi, kwamba asiogelee kwenye maji ya baridi bila mtu mzima aliye karibu kumfikia, na kwamba akilegea alazwe kwa ubavu mahali penye joto na asilazimishwe kusimama. Mkiweza, kaka yako ndiye aipeleke barua hiyo.